Mwanafunzi wangu yuko Brazil, nami namfundisha kwa saa ya Kiswahili

Watu waliposikia nimepata mwanafunzi wa Kiingereza Brazil, kila mmoja alikuja na ushauri wake. Lala mchana ufundishe usiku. Jizoeze kuongea kama Mmarekani, asijue kwamba wewe ni wa Mombasa. Weka programu ya saa za dunia. Huo wa Mmarekani ndio uliniudhi hasa, maana Uswahili wangu ndio ulionifaa katika kazi hii kuliko kitu kingine chochote.

Mwanafunzi ni mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Anafanya kazi katika ofisi ya kuuza kahawa nje, huko Santos, mji wa bandari katika jimbo la São Paulo. Kusoma anasoma, mkataba wa Kiingereza anauelewa mpaka nukta ya mwisho. Taabu yake ni simu. Mnunuzi wa Hamburg, Ujerumani, akipiga, ulimi unakuwa mzito.

Tulianza na wakati alioutaka yeye, jioni baada ya kazi. Kwangu ilikuwa saa nane za usiku. Nyumba nzima imelala, kwa hiyo nilinong'ona, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Ukinong'ona, koo halitetemi, na mtetemo huo ndio unaotenga b na p, d na t, g na k. Nikitamka "bag", yeye anasikia "back". Narudia, anasikia vilevile. Na yeye mwenyewe ametoka kazini hoi, maneno aliyoyasema vizuri juma lililopita yote yamemtoka. Anayekwambia ufundishe matamshi usiku wa manane katika nyumba yenye watoto hajawahi kuifanya kazi hiyo.

Tukahamia asubuhi yake, kabla hajaenda ofisini. Kwangu ni baada ya sala ya adhuhuri, sauti naitoa nitakavyo. Na saa je? Sihitaji programu yoyote. Mombasa imeitangulia Santos kwa saa 6, na hesabu yetu ya saa kwa Kiswahili inapishana na namba za saa ya ukutani kwa saa 6 zilezile. Kwa hiyo mimi nikisema saa saba mchana, simu yake inaandika 7 asubuhi. Nikisema saa mbili usiku, kwake ni 2 mchana. Namba ninayoitaja kwa lugha yangu ndiyo anayoiona yeye kwenye kioo, usiku na mchana, mwaka mzima! Brazil iliacha kusogeza saa majira ya joto mwaka 2019, ndiyo maana hesabu haivurugiki. Ukipata mwanafunzi wa Recife au Porto Alegre ni hivyohivyo. Wa Manaus yuko nyuma kwa saa moja zaidi. Ninaye mwingine Ujerumani, na huyo kila Machi na Oktoba lazima tukumbushane.

Umbali wa saa wenyewe nimeugeuza kuwa msaada. Jioni yake ananitumia ujumbe wa sauti, dakika mbili tatu za mambo ya ofisini. Mimi nikiamka alfajiri nausikiliza, narekodi masahihisho, namrudishia. Akifungua macho, kazi imeshasahihishwa.

Sasa matamshi. Mbrazili hapendi neno liishie kwa konsonanti. Atatia i mwishoni. "Big bag" inakuwa "bigi bagi". Walimu wengine walikuwa wamemwambia akate sauti, akate tu, naye akawa anakata mpaka pumzi. Mimi nililijua tatizo kutoka ndani, kwa sababu sisi pia hatustareheki mpaka neno lifike kwenye irabu. Nikamwambia asikate: aiazime irabu ya neno linalofuata. "Bag of coffee" aiseme ba-gov-coffee. "Ship it" aiseme shi-pit. Ulimi unapata irabu unayoidai, na ile i ya ziada haina pa kukaa. Siku hiyo alirudia sentensi hizo anacheka kwa furaha, akaniomba tuongeze muda. Maneno ya peke yake, yasiyo na jirani, tuliyaacha kwa miezi kadhaa. Yalipofikiwa, mdomo ulikuwa umeshazoea.

Mazoezi yote nayachukua kwenye kazi yake. Gunia la kahawa la Brazil ni kilo 60, na mtu anayechanganya "sixty" na "sixteen" kwenye simu anaweza kuharibu biashara. Basi mimi nakuwa mnunuzi msumbufu, nabadilisha idadi katikati ya maneno, yeye lazima anirudishie kila namba kabla hatujaendelea. Vitabu vya mazungumzo ya hotelini na uwanja wa ndege sivigusi.

Malipo yanaingia kwa mwezi, makato yapo, ila yakifika M-Pesa bado yanazidi niliyokuwa nikipata kwa masomo ya ziada hapa mtaani. Stima ikipotea nawasha intaneti ya simu, kwa hiyo bando la akiba halikosekani.

Majuzi mnunuzi wa Hamburg alipiga, wakajadiliana bei, tarehe ya kupakia na idadi ya makontena bila mkalimani. Mwanafunzi wangu alinitumia ujumbe kabla hata ya kumwarifu mkuu wake. Juma lijalo tunaanza malalamiko: mzigo umefika na unyevu, naye ajibu bila kukubali lawama mapema.