Hiyo ISO Umeitoa Wapi?

Wateja wanaohamia mfumo wa kompyuta wa Linux pale kwangu Kariakoo huja na kauli moja: "Fundi, nimechoka na virusi, niwekee Linux nilale." Nawawekea kwa moyo mmoja, ila kwanza nauliza faili la ISO, lile lenye mfumo mzima wa kusakinisha, limetoka wapi. Wengi wanalo kwenye flashi, wamepewa na rafiki wa hosteli, naye kapewa na mwenzake. Sababu naielewa. ISO ya Mint, mojawapo ya aina za Linux, inakaribia GB 3, na bando tunalijua wote. Lakini mimi siichomeki kwenye mashine ya mtu kabla sijaikagua.

Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint yenyewe, wakageuza kiungo cha kupakulia Mint 17.3 Cinnamon kikapeleka watu kwenye ISO yao, yenye mlango wa uani ndani, yaani njia ya siri ya kumwingiza mdukuzi. Waathirika walikuwa kwenye tovuti halali! Sembuse flashi iliyozunguka Mabibo mpaka Mbagala.

Kukagua hakuli bando. Pakua sha256sum.txt na sha256sum.txt.gpg kutoka Mint, ni vifaili vidogo mno. Kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, andika sha256sum na jina la ISO. Utapata mstari wa tarakimu na herufi 64. Ulinganishe na ule wao ulio kwenye sha256sum.txt. Ikipishana hata herufi moja, futa. Kisha hakiki saini ya orodha hiyo, lile faili la .gpg, kwa programu iitwayo gpg. Hapa ndipo watu wanapochoka, na hapa ndipo penyewe, maana aliyeweza kubadilisha ISO anaweza kubadilisha na hiyo orodha ya namba. Saini hawezi kuighushi bila ufunguo wao.

Mashine ikishawaka, hatari inahamia kwenye mafaili ya .deb, yaani vifurushi vya programu, ya kuokota mitandaoni. Apt, kisakinishi cha Mint, hukagua saini ya hazina ya programu kabla ya kusakinisha. Dpkg, kisakinishi cha faili moja moja, ukiipa faili mkononi haiulizi ukoo wake. Na humo ndani huweza kuwa na skripti ya postinst, orodha ya amri inayofanya kazi kwa mamlaka ya root, mkuu wa mashine, wakati wa kusakinisha, kabla hujaifungua hata hiyo programu. Ukilazimika, andika kwanza dpkg-deb -e, jina la faili, na jina la folda. Postinst ikiwepo utaikuta humo, isome. Ukiona inaita curl, programu ya kuvuta vitu mtandaoni, kwenda anwani usiyoijua, achana nayo.

Wapo watakaonikumbusha xz, programu ya kubana mafaili iliyochafuliwa huko huko inakotengenezwa. Ni kweli, Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aligundua kuwa matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalipandikizwa mlango wa siri, baada ya kuona ssh, programu ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, inachelewa kama nusu sekunde. Lakini Debian stable, toleo lililokwisha kujaribiwa la Linux iitwayo Debian, haikuguswa. Huko Debian matoleo hayo yaliishia kwenye matawi ya majaribio. Ndiyo maana mtu wa steshenari, anayeshika vyeti na namba za NIDA za watu kutwa nzima, simwekei toleo la majaribio hata aniombe vipi.

Anayehitaji Mint aje dukani na flashi ya GB 8, anakili bure. Ufunguo wa saini auchukue mwenyewe kwa Mint, akakague nyumbani kwake.