Nundu ya welding kwenye shingo ya ekzosi

Kila siku saa kumi na mbili kasorobo asubuhi natoka Tosamaganga na madumu mawili ya maziwa, lita 20 kila moja, na nikifika Ipogolo naanza kuupanda mlima wa kuingia Iringa mjini huku naisemesha pikipiki kama ng'ombe wa kulima. Ni cc 125 ya Kichina, yenye injini iliyoigwa kwenye Honda CG125 ya mwaka 1976: kipenyo cha silinda milimita 56.5, mwendo wa pistoni 49.5, fito za kusukuma valvu. Ni injini isiyojua kufa, ila pumzi haina. Na huku kwetu, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe imepungua karibu moja ya sita. Katikati ya mlima gia ya tatu inasusa, narudi ya pili, daladala zinanipita na konda ananichungulia kwa huruma.

Kijiweni dawa ni moja tu: toboa ekzosi. Nimeshapanda ya jirani yangu iliyotobolewa. Kelele kama mashine ya kusaga, watoto wanaamka mtaa mzima, na pale pale katikati ya mlima tukarudi gia ya pili kama kawaida. Tumbo la ekzosi, yaani silensa, walilifungua, ila shingo, lile bomba linalotoka kwenye injini, hawakuigusa.

Shingo yangu nisingeigusa na mimi, ila gasketi, ile pete ya kuzibia pale bomba linapoingia kwenye silinda hedi (kichwa cha injini), ilianza kuvuja, masizi yakawa yanachora hedi. Nikazilowanisha nati mbili za spana namba 10 kwa dizeli usiku kucha. Asubuhi moja ilitoka vizuri, ya pili ikatoka pamoja na stadi yake, ile skrubu inayoshikilia nati. Nilishukuru Mungu haikukatikia ndani, maana stadi iliyokatikia kwenye alumini ni habari nyingine kabisa.

Bomba likiwa mkononi nikamulika ndani kwa tochi ya simu. Sikuona kitu, weusi mtupu. Nikaingiza kidole. Hapo ndipo nilipoijua pikipiki yangu baada ya miaka minne: kwenye mdomo, pale bomba lilipochomelewa na pete yake, welding imejaa kwa ndani, tuta zima la duara, na upande mmoja nundu ya ukubwa wa punje ya haragwe. Nikapima kwa kalipa, kipimo cha milimita cha fundi mchongaji. Bomba lenyewe ndani ni milimita 25. Kwenye lile tuta, 21, na nundu sijaihesabu.

Milimita nne si kitu, utasema. Lakini tundu huhesabiwa kwa eneo: 21 mara 21 ni 441, 25 mara 25 ni 625. Karibu asilimia 30 ya njia imezibwa na chuma, tena mlangoni kabisa, moshi ukiwa na moto na haraka kuliko mahali pengine popote. Na moshi wa injini hautiririki kama maji ya mfereji. Unatoka kwa mapigo. Injini yetu ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, valvu ya moshi inafunguka mara 50 kila sekunde, na kila pigo linagonga lile tuta. Moshi usiotoka unabaki ndani ya silinda unakula nafasi ya hewa mpya.

Kazi yenyewe ilichukua mchana wa Jumapili. Bomba na tumbo la ekzosi yangu ni kitu kimoja, kwa hiyo nilisokomeza kitambaa cha fulana kuukuu kama sentimita 15 ndani ili vumbi la chuma lisiende tumboni. Kitambaa nilikifunga kamba nje. Usicheke, nawajua watu waliosahau kitambaa humo. Tundu la hedi nalo nikaliziba. Kisha drili na jiwe dogo la kunolea lenye umbo la risasi, taratibu, nazungusha mkono muda wote, maana ukitulia sehemu moja unachimba shimo. Nundu iliisha kwa robo saa. Tuta lilikula saa nzima, jiwe likaisha, nikamalizia kwa tupa ya mviringo.

Kusugua ndani nilitumia mbinu ya mzee mmoja mchongaji: kipande cha nondo ya milimita 8, unakipasua ncha kwa msumeno, unapachika kipande cha msasa kwenye mpasuko, unafunga kwenye drili. Ukiwasha, msasa unapigapiga kuta zote. Namba 80, halafu 120, basi. Wapo wanaosugua mpaka uweze kunyolea ndevu mbele yake. Wiki moja tu masizi yameshafunika kila kitu, kioo chako nani atakiona?

Kitu kimoja sikukigusa: uso wa pete unaokalia gasketi. Ukiukwangua huo, utavuja maisha. Wala sikutafuta bomba nene zaidi. Injini ndogo inataka moshi wake utoke mbio, na kwenye bomba pana mbio zinakufa.

Uzembe wangu ulikuja wakati wa kufunga. Ilikuwa Jumapili jioni, duka la spea limefungwa, nikarudishia gasketi ileile ya zamani. Kesho yake kila nikiachia mafuta kwenye mteremko, pa! pa! pa! Hewa ilikuwa inanyonywa pale kwenye kiungo na kuwasha petroli iliyobaki bombani. Mama mmoja mwenye tenga la nyanya alinitolea maneno siwezi kuyaandika. Nikanunua gasketi mpya, kelele zikakoma.

Nilijiandaa pia kushusha klipu ya sindano ya kabureta mtaro mmoja ili petroli iongezeke, kwa sababu injini ikipumua vizuri zaidi petroli huweza kupungua. Nikafungua plagi kwanza. Zamani ilikuwa nyeusi tii, sasa ina rangi ya biskuti. Huku mlimani mchanganyiko ulikuwa umezidi petroli tangu mwanzo, kwa hiyo kabureta nimeiacha ilivyo.

Sasa matokeo, na naomba usitegemee makubwa. Kabla sijafungua nilipima mlima mara tatu kwa simu, madumu yakiwa yamejaa: dakika 2 na sekunde 11, 14, na 9. Baada ya gasketi mpya: dakika 2 na sekunde 6, 5, na 8. Sekunde tano hivi, na hapo hapo gasketi isiyovuja nayo ina sehemu yake. Gia ya tatu bado inachoka, ila siku hizi inachokea mbele kidogo, karibu na kona ya juu. Silensa imetulia, na sauti ni ileile.

Sauti hiyo ndiyo iliyomkera jirani yangu. "Kaka, umeshinda Jumapili nzima unakwangua, mbona sisikii kitu?" Nikamwambia alete yake. Juzi kaileta, imefungwa kwenye kiroba. Tukafungua shingo, akatia kidole, akanyamaza, akakizungusha tena.

"Zako zilikuwa ngapi?"

"Moja."

"Mimi ninazo mbili."