Mwezi wa taa 64, mjomba akaukataa

Nilimwambia mama kuna kiti changu kinakuja na basi kutoka Dar, akauliza cha mbao au cha plastiki, maana vya plastiki havidumu. Ikabidi nimweleze kwamba hicho kiti sio cha kukalia, ni kifurushi cha vipande vya elektroniki, unajiunganishia mwenyewe mpaka kinakuwa kitu. Akasema kwa hiyo umenunua kitu kibovu ukitengeneze. Sikubishana, ukiangalia vizuri ni kweli.

Hiyo ilikuwa Juni 2024, ziwa limefungwa. Mnaokaa mbali na huku mwisho wa reli labda mlisikia redioni tu, ila sisi Kigoma tuliishi nayo, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti hamna kuvua Ziwa Tanganyika, samaki wapumzike wazaliane. Mjomba wangu ana mtumbwi wa dagaa ufukwe wa Kibirizi, sasa miezi mitatu yote kazi yake ikawa kuja kwetu mtaa wa Mwanga saa nne asubuhi, anakaa barazani na chai yake anakagua kila ninachofanya. Kwa hiyo kazi hii ilikuwa na mafundi wawili, mmoja anachomelea mwingine anakosoa.

Ndani ya kifurushi kulikuwa na bodi moja ukubwa wa kiganja, LED nyekundu 64 (vile vitaa vidogo) kwenye kimfuko, za kupanga nane kwa nane, chipu ya kuziendesha inaitwa MAX7219, soketi yake ya miguu 24, rezista ya kiloomu 10, kapasita mbili, na pini za kuchomeka waya. Maelekezo ya Kichina, picha zake zimefifia. Nikahesabu sehemu za kuchomelea: LED peke yake 128, soketi 24, ukijumlisha na vidogo vidogo zinafika 168. Na mimi maisha yangu yote nilikuwa nimechomelea waya wa earphone mara mbili, na mara moja kati ya hizo haukupona.

Pasi ya kuchomelea niliazima kwa fundi simu wa jirani, akanipa na waya wa risasi, ule mchanganyiko wa bati 60 kwa risasi 40, akanionyesha kwenye bodi mbovu ya redio. Kumbe mimi nilikuwa nafanya kinyume siku zote, nayeyusha risasi kwenye ncha ya pasi halafu naipaka kama siagi. Akasema hapana, pasi iguse mguu na ile duara ya shaba kwa pamoja, vyote vipate moto, hesabu moja mbili, ndo uilete risasi iguse pale, sio kwenye pasi. Ikishakuwa na moto inavutwa yenyewe inazunguka mguu, inakaa kama kilima kidogo kinachong'aa. Ukiona imekaa kama tone limewekwa juu, lina rangi ya kijivu, hiyo haijashika hata kama inaonekana imeshika. Na ule moshi sio wa risasi, ni utomvu wa mti uliowekwa katikati ya waya kusafisha shaba, ila usiuvute, na ukimaliza nawa mikono kabla ya kugusa ugali.

LED ina mguu mrefu na mfupi, mrefu ndo chanya, na upande wa hasi kile kikofia chake kimekatwa kidogo, hakijawa duara kamili. Nikaenda safu kwa safu. Zile ishirini za mwanzo ni aibu tupu, siwezi kuzipiga picha, za mwisho nzuri mpaka nikatamani kurudia za mwanzo. Nilipofika ya arobaini na kitu mjomba akashusha kikombe akasema, "Mjomba, hii moja imegeuka." Nikamwambia haiwezekani. Akaweka kidole pale pale, safu ya tano, kikofia kimekatwa upande wa pili. Mtu ambaye hajawahi kushika bodi! Nikamuuliza ameionaje, akasema yeye ameshona nyavu miaka thelathini, jicho lake likipita sehemu inayofanana halafu kitu kimoja hakifanani linagoma lenyewe.

Kuitoa LED ikishachomelewa ni adhabu, nisiwachoshe. Nilitumia nyuzi za shaba za waya wa zamani kunyonya risasi, nikaunguza kidole.

Sasa mjomba akauliza swali ambalo hata mimi sikuwa nimelifikiria, hizi taa 64 zinawakaje kila moja kivyake na chipu ina miguu 24 tu. Jibu ni kwamba haziwaki zote kwa pamoja. Chipu ina nyaya nane za safu mlalo na nane za safu wima, inawasha safu ya kwanza, inaizima, ya pili, inaizima, mpaka ya nane halafu inarudi mwanzo, na mzunguko mzima inaurudia kama mara 800 kwa sekunde. Jicho linadanganywa linaona picha imetulia. Mjomba hakuamini, basi usiku tukazima taa ya ndani nikaipunga bodi hewani haraka, badala ya kuona alama moja iliyovutika ukawa unaona vipande vipande vimeachana. Akacheka sana. Akasema hiki kidude kina uongo.

Faida ya kuujua huo uongo ni kwamba ukiwasha na kitu hakiko sawa, unajua pa kutafuta. Taa moja haiwaki, kosa liko kwenye taa hiyo, imegeuka au haijashika. Safu nzima haiwaki, achana na taa, nenda kwenye mguu wa soketi unaoilisha hiyo safu. Safu mbili zinawaka kama mapacha, ukiiwasha hii na ile inafuata, basi kuna risasi imemwagika imeunganisha miguu miwili. Mimi nilikuwa navyo vyote vitatu siku ya kwanza. Nikakaa na mita ya kupimia umeme mpaka saa saba usiku, umeme ukakatika katikati, nikamalizia kesho yake.

Kikapona. Nikaandika programu kwenye Arduino Nano, kibodi kidogo cha kompyuta cha kuipa chipu amri, waya tatu tu za taarifa na mbili za umeme, nikapitisha jina langu likatembea kutoka kulia kwenda kushoto. Nikamwita mjomba kwa furaha zote. Akaangalia, akasema, "Jina lako si unalijua?"

Kimya.

"Ndio mjomba."

"Basi kiniambie kitu nisichokiona. Kiniambie mwezi."

Kwa wasio wa huku: dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi LED na betri. Unawasha, dagaa wanakusanyika chini ya mwanga, unazungusha wavu. Sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa yako haina maana, dagaa wametawanyika, ndo maana siku za mbalamwezi mitumbwi mingi inalala mchangani na watu wanashona nyavu. Giza ndo pesa. Mjomba anazihesabu hizo siku kichwani bila shida, ila vijana wake kila siku simu, bosi tunaingia lini, bosi tunaingia lini, akataka kitu cha kutundika ukutani wakiangalie wenyewe.

Nikaongeza saa, ile moduli ya DS3231 yenye betri ya kidonge ili umeme ukikatika isisahau tarehe. (Angalizo: moduli nyingi za aina hiyo zina njia ya kuchaji betri, na kidonge cha CR2032 sio cha kuchajiwa, kwa hiyo nilikitoa kile kirezista kidogo kabla ya kuiweka.) Halafu hesabu. Kutoka mwezi mwandamo mmoja mpaka mwingine ni wastani wa siku 29.53, yaani sekunde 2,551,443. Unachukua mwandamo mmoja unaojulikana, nilichukua wa tarehe 6 Januari 2000, saa tatu na dakika kumi na nne usiku kwa saa zetu, unahesabu sekunde zilizopita mpaka sasa, unagawanya, kinachobaki ndo umri wa mwezi. Ni wastani, inaweza kupishana na mwezi wenyewe kwa nusu siku hivi, kwa mvuvi inatosha. Jirani mmoja mzee wa Ujiji aliuliza kama tutakitumia Ramadhani, nikamwambia babu hapana, huo endelea kuutafuta kwa macho, sitaki kesi.

Tarehe 30 Julai saa nne asubuhi nikaaplodi, nikafungua laptopu kusoma jibu. Mwezi una siku 98.

Mjomba akaweka chai chini. "Siku tisini na nane. Huo ni mwezi wa wapi?"

Nikapitia hesabu mara kumi, iko sawa. Nikabadilisha saa, iko sawa. Kosa nililipata jioni na nilitaka kulia. Nilikuwa nimeandika siku moja ni sekunde 24*60*60, ambayo kila mtu anajua ni 86,400. Lakini kwenye hii Arduino namba ya kawaida mwisho wake ni 32,767, ikizidi hapo inajikunja kama mita ya bodaboda inavyorudi sifuri, kwa hiyo 86,400 yangu ikawa 20,864. Siku yangu ilikuwa haina hata saa sita! Dawa yake herufi mbili, unaandika UL baada ya 24, basi. Mwezi ukarudi siku 23.

Pawabenki niliyokuwa nakiwashia nayo ikaniletea mambo. Kwenye mwezi mpevu taa zote zinakula miliampia 300 na ushei ukiweka mwanga wa mwisho, pawabenki inafurahi. Ila siku za giza zinawaka taa mbili tatu, pawabenki inaona hamna mtu anayechaji, inajizima. Yaani kidude kinachotangaza giza kinakufa giza likifika. Nikahamia kwenye tundu la USB la sola.

Halafu ndo likaja lenyewe. Nilichora mwezi kama nilivyouona kwenye intaneti na kwenye kalenda, umesimama wima kama herufi C, mwezi mchanga tumbo limeelekea kulia, mzee limeelekea kushoto. Nimeutengeneza vizuri kabisa, hatua nane. Nikampelekea mjomba Kibirizi jioni ya tarehe 6 Agosti, tukakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa. Akakishika, akakigeuza, akakirudisha.

"Mwezi gani huu umesimama?"

Nikaanza kumweleza habari za intaneti. Hakunijibu, akanyoosha mkono tu kule Kongo. Jua limeshazama, juu ya ile milima upo mwezi mwembamba kama kucha, umelala. Umelala chali kama mtumbwi, pembe zote mbili juu. Miaka ishirini na sita nimeuona mwezi huo huo juu ya ziwa hilo hilo na nikakaa ndani nikachora wa watu wengine.

Sababu yake nilikuja kuipata baadaye. Upande unaong'aa siku zote unaelekea jua, na sisi tuko nyuzi kama tano tu kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linashuka karibu wima na mwezi unalifuata kwa juu yake, ndo maana mwanga unakaa chini. Wanaokaa Ulaya jua lao linazama kwa kuinama pembeni, mwezi wao nao unasimama kwa ubavu. Hizo picha zote ni za kwao.

Nikarudi nyumbani nikachora upya, mwanga unajaa kutoka safu ya chini kwenda juu kama maji kwenye ndoo. Tatizo likawa mwezi mzee wa alfajiri nao ukichomoza unalala hivyo hivyo, sasa utaujuaje unakua au unaisha? Hilo mjomba ndo alilimaliza. Akasema weka taa moja kona ya kushoto ukiwa wa jioni, upande wa Kongo, na kona ya kulia ukiwa wa alfajiri, upande wa mtaa wa Mwanga. Kila kijana pale ufukweni alikielewa bila kuambiwa.

Tarehe 15 Agosti ziwa likafunguliwa. Kidude kikaonyesha siku ya kumi, safu zimejaa mpaka karibu na juu, mwezi mpevu ni tarehe 19. Miezi mitatu mnasubiri mnafunguliwa kwenye mbalamwezi! Vijana walitaka kuingia saa moja jioni hiyo hiyo, mjomba akawaonyesha ukutani akawaambia laleni, mwezi unazama Kongo kwenye saa kumi alfajiri, tutavua pale katikati mpaka kukuche. Walipata kidogo, ila wenzao waliotangulia na mwezi juu walirudi na usingizi.

Malalamiko aliyobaki nayo mjomba ni moja. Siku za mwezi mpevu ndo siku pekee analala nyumbani, na ndo siku taa zote 64 zinawaka, chumba kizima chekundu, shangazi kakifunika na kanga. Juzi kanipigia simu saa nne usiku kwa ajili hiyo. Chipu ina ngazi 16 za mwanga na mimi nilikuwa nimeacha ya juu kabisa, nitashuka Jumamosi niweke ya chini, mstari mmoja tu wa programu.