Vile nilipata jumla ya namba tasa zote chini ya milioni 2

Swali lenyewe ni fupi, jumlisha namba tasa zote (zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe) zilizo chini ya 2,000,000. Yaani 2, 3, 5, 7, 11 hivyo hivyo mpaka juu. Nilikuwa na miezi mitatu tu nikijifunza Python, lugha ya kuandikia programu, na nikaona hii ni kazi ya dakika kumi.

Programu ya kwanza ilikuwa hivi, chukua namba, igawanye kwa 2, kwa 3, kwa 4, endelea mpaka uifikie yenyewe, ikigawanyika iache, ikikataa kote basi hiyo ni tasa, iongeze kwa jumla. Chini ya 10 ikanipa 17, chini ya 100 ikanipa 1060, nikahesabu kwa mkono nikapata hivyo hivyo. Nikaweka milioni 2 nikalala. Asubuhi laptopu imechemka kama jiko, feni inalia, jibu hakuna, na kabla sijatoka kwenda kazi stima ikapotea hapa Migosi, Kisumu, na betri ya hiyo laptopu ya mtumba haishiki hata dakika tano. Usiku mzima ukaenda hivyo, iliniuma sana.

Jioni nikakumbuka kipeuo cha pili. Namba ikigawanyika, kati ya zile mbili zinazozidishana moja lazima isizidi kipeuo cha pili cha hiyo namba, na cha milioni 2 ni kama 1414, kwa hivyo kupita hapo ni kujichosha bure. Ikamaliza kwa karibu nusu dakika! Jibu nikawa nalo lakini moyo haukutulia, bado nilikuwa naiuliza kila namba maswali mengi.

Sasa mpwa wangu wa gredi ya 6 alikuwa mezani na homuwaki, viboksi vya 1 mpaka 100, anaruka na penseli anakata 4, 6, 8, hagawanyi chochote. Nikamuuliza, unajuaje 51 si tasa? Akasema, "Anko, hiyo nilishaikata na 3 kitambo."

Hiyo ndiyo njia ya Eratosthenes, Mgiriki aliyezaliwa Cyrene, leo ni Libya, akafanya kazi Alexandria kule Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Huulizi namba kitu, unakata tu vizidisho vyake, zinazobaki ndizo tasa.

Mara ya kwanza niliharibu, niliweka namba zote kwa listi nikawa nazitoa moja moja, na Python ukitoa moja inabidi zile za nyuma zote zisogee, ikawa polepole kuliko kugawanya. Nikabadilisha, nikatumia bytearray, baiti moja kwa kila namba, 1 ni tasa, 0 imekatwa, zote ni kama megabaiti 2 tu. Na kukata kwa tasa yoyote unaanzia yenyewe mara yenyewe, kwa 7 unaanza 49 kwa sababu 14, 21, 28, 35 na 42 zilishakatwa na 2, 3 na 5. Ukifika 1414 umemaliza. Nikabonyeza enta na kabla sijatoa kidole ikatoka: namba tasa 148,933, jumla 142,913,828,922.

Halafu nikaona kitu kuhusu ile programu ya kwanza. 7 ilikuwa inagawanywa mara 5, 11 mara 9, kila tasa mara sawa na yenyewe kutoa 2, sasa ukijumlisha hizo mara zote unarudi karibu kabisa na jibu lenyewe. Kumbe usiku ule laptopu yangu ilikuwa inaelekea kugawanya mara karibu bilioni 143, moja baada ya nyingine.