Alhamisi na Ijumaa sivuki

Kafyu ya korona ilipoanza Kenya tarehe 27 Machi 2020, kampuni yetu ya kutoa mizigo bandarini ilituambia sisi wa makaratasi tukafanyie kazi nyumbani. Nilitia kompyuta ya ofisi kwenye kikapu cha sokoni, nikavuka feri kutoka kisiwani Mombasa hadi nyumbani Likoni, nikaiweka kwenye meza ya kulia chakula. Nilidhani ni wiki mbili. Ikawa mwaka na nusu.

Mama yangu ana sukari. Miaka yote nilikuwa nikiondoka alfajiri, sindano yake ya asubuhi akidungwa na jirani, na siku nyingine ikasahaulika. Sasa namdunga mwenyewe saa moja, nampa uji, saa mbili niko kwenye mfumo wa forodha. Sukari ikatulia hadi daktari akaniuliza tumebadilisha dawa gani.

Kwa hiyo kafyu ilipoondolewa Oktoba 2021 na ujumbe wa bosi ukaingia, "Kuanzia Jumatatu kila mtu ofisini", nililia.

Wiki ile ya kwanza nilikuwa pale feri kabla ya saa kumi na mbili. Lango likifunguliwa watu wanateremka mbio, mikokoteni inapita ubavuni, mtoto wa shule kashika mkoba wako asianguke. Jioni nafika nyumbani saa mbili, mama kalala na sahani yake imefunikwa vilevile nilivyoiacha.

Kilichoniokoa ni daftari. Stima ilipokuwa ikipotea nilikuwa naandika kila faili nililoshika: saa lilipoingia, saa nilipolimaliza, na kama lilirudishwa kwa kosa. Nilimpelekea bosi, nimwombe nirudi kufanyia kazi nyumbani.

"Shikamoo mzee. Naomba dakika kumi."

"Marahaba mwanangu, kaa."

Alisoma kurasa nyingi kimya, kisha akauliza, "Na hawa vijana wapya watamuuliza nani?"

Sikuwa na jibu, maana ni kweli. Mimi mwenyewe nilijifunza kazi hii nikiwa nimesimama nyuma ya kiti cha mkubwa wangu, nikimtazama anavyosoma hati za meli. Ukikosea tarakimu moja kwenye namba ya ushuru, kontena linalala bandarini, na siku za kukaa bure bandarini zikiisha gharama inahesabiwa kila siku. Kijana hawezi kuliona hilo kwenye simu.

Tukakubaliana: Jumatatu hadi Jumatano niko ofisini, asubuhi nikae na vijana, Alhamisi na Ijumaa nibaki Likoni, tujaribu mwezi mmoja. Kwa zile siku tatu nilimfundisha mdogo wangu kudunga: kukunja ngozi ya tumbo taratibu, kuhama mahali kila siku, kuhesabu hadi kumi kabla ya kuchomoa. Mara ya kwanza mkono ulimtetemeka. Mama ndiye aliyemtuliza.

Mwezi ulipokwisha bosi aliniita akanikabidhi modemu ya ofisi. Siku hizi, Alhamisi, mama huniuliza akiwa bado kitandani, "Leo unavuka?"

"Sivuki, mama."

Basi hugeukia ukutani, akalala tena kidogo.