Nukta za Penseli

Septemba 2013 nilikuwa karani katika kituo cha kununulia zabibu nje ya Dodoma, upande wa barabara ya Iringa. Kituo chenyewe kilikuwa kibanda cha mabati, mizani, meza moja na daftari langu. Mkulima alishusha kreti, kuli akazipanga, mpimaji akakamua punje kutoka kreti mbalimbali, akadondosha maji yake kwenye kioo cha kipima sukari, kisha akakiinua kwenye mwanga na kusoma. Digrii 18 na zaidi, mzigo unapokelewa. Pungufu ya hapo, unarudi. Na zabibu si ndizi. Ikishakatwa mtini haiivi tena. Mzigo uliokataliwa uliuzwa kando ya barabara kwa abiria wa mabasi, kwa bei atakayotaja mnunuzi, au ulioza.

Msimamizi wetu tulimwita Madamu. Sijafanya kazi na mtu makini kuliko yule. Kila alfajiri, chai haijachemka, alidondosha maji safi kwenye kile kipimo, akahakikisha kinasoma sifuri, na kisiposoma alikirekebisha kwa bisibisi ndogo aliyoifunga pamoja na funguo zake. Hakuruka hata siku moja. Rushwa hakuijua: mkulima aliyemletea kuku aliondoka na kuku wake. Nasema haya mapema kwa sababu wengi wakisikia yaliyotokea humhesabu kuwa mtu mbaya, na hakuwa mtu mbaya.

Ila alikuwa mkali. Wiki yangu ya kwanza, karani mwenzangu alimsahihisha jumla mbele ya wakulima. Jumla ilikuwa imekosewa kweli. Madamu akamgeukia, akamuuliza kwa sauti kama ni yeye anayelipa mishahara pale. Kesho yake yule kijana alipelekwa kuosha kreti. Hakuna aliyetuambia tunyamaze. Tulijiambia wenyewe.

Mpimaji alikuwa kaka mmoja mpole, kipenzi cha kila mtu. Akikataa mzigo alimshika mkulima bega: "Pole mzee wangu, ndivyo kipimo kinavyosema." Mkulima aliondoka bila ugomvi. Wakati ule niliuona upole huo kuwa utu. Leo nauona tofauti kidogo, kwa sababu pole yake ndiyo iliyowafanya watu wapakie kreti zao kwenye guta na kurudi kimya, pale ambapo labda wangebisha.

Jumanne ya wiki ya pili, nikipitia daftari, niliona jambo. Mizigo ya asubuhi karibu yote ilipita. Ya baada ya saa nane mchana ilikuwa inakataliwa kwa nusu digrii, kwa digrii nzima. Nikadhani wanaochelewa ni wa mbali na mashamba yao ni duni. Lakini Septemba ni kiangazi, hakuna mvua ya kuzifanya zabibu kuwa majimaji, na msimu huo ndio huwa tamu. Nikaanza kuweka nukta ndogo ya penseli kando ya kila mzigo wa mchana uliokataliwa. Sikumwambia mtu. Jumatano nikaongeza nukta. Alhamisi pia. Nilimtazama Madamu mara nyingi, na kila mara niliziona zile kreti zikioshwa.

Ijumaa mzee mmoja alileta mzigo wake kwa awamu mbili kwa sababu guta lilikuwa dogo. Wa asubuhi ulipita kwa digrii 18 na nusu. Wa saa tisa ulisoma 17 na nusu. Kaka mpole akamshika bega.

Aliyesema ni kuli. Mtu wa makamo, Mgogo wa palepale, mbishi, mchelewaji, mwenye barua mbili za onyo. Hakuna aliyemchukulia kuwa mfanyakazi mzuri. Alikuwa na kreti mikononi.

"Madamu, hicho kidude kikipigwa na jua kinasema uongo."

"Wewe kazi yako ni kubeba."

"Ndiyo, kubeba. Za mzee huyu nimebeba asubuhi zikapita. Hizi za sasa zimetoka shamba lilelile. Unanirudishia nini?"

Nilitegemea radi. Madamu alifungua mdomo, akaufunga. Akachukua chupa ya maji, akadondosha tone kwenye kioo, akainua kipimo. Alikiangalia muda mrefu, kisha akampa mpimaji, kisha mimi. Mpaka wa rangi unaoonekana ndani yake, ule unaosomwa, ulikuwa umezama chini ya sifuri.

Kipimo chetu kilikuwa cha aina isiyojirekebisha kwa joto. Kilitengenezwa kisome sawasawa kwenye nyuzi 20. Alfajiri, ubaridi ule wa Dodoma, Madamu alikipata sawa. Mchana jua la magharibi liliingia mpaka mezani, joto likapita nyuzi 30, na kipimo kikapunguza karibu digrii nzima ya utamu uliokuwepo. Yule mwanamke alikiamini kwa sababu alikuwa anakihakiki kila siku. Uangalifu wake ndio uliomfanya asihisi haja ya kukitazama mara ya pili.

Akaupokea mzigo wa mzee. Kisha akavuta daftari langu, akafunua kurasa za wiki ile, kidole kikasimama.

"Hizi nukta ni za nini?"

Nikamweleza.

"Tangu lini?"

"Jumanne, Madamu."

Nilingoja anifokee. Ningependa angenifokea. Alizihesabu kwa kidole, polepole, moja hadi kumi na moja, kisha akaniuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Mimi ninatisha kiasi hicho?" Sikujibu. Nilikuwa na miaka 23, na hata swali hilo niliogopa kulijibu. Kuli ndiye aliyejibu, akiwa ameshaelekea kwenye mizani: "Unatisha."

Jioni ile alikodi bodaboda mbili, tukaenda kuwatafuta wenye mizigo. Kwa kwanza zabibu zilikuwa zimeshauzwa barabarani. Kwa pili hatukumkuta mtu. Kwa tatu, mama mmoja alitutandikia mkeka bila kuuliza tumefuata nini. Madamu hakukaa. Aliomba kichala kimoja kutoka mzabibu uliokuwa haujamalizwa kuvunwa, akaweka kipimo sifuri kwa maji ya mtungini, akakamua punje, akasoma kwa mwanga wa tochi ya simu yangu.

"Kumi na tisa. Andika, kwa wino. Mama, kesho leta zilizobaki, saa yoyote. Na zile za juzi, kosa lilikuwa letu."

Yule mama alisema zile za juzi ameshawapa majirani. Kiza kilikuwa kimeingia. Madamu alipanda bodaboda, akaniuliza zimebaki nyumba ngapi.

"Nane," nikamwambia.