Siku Tuliyokaa Kwenye Viwanja vya Engaruka

Wengi wanaofika Engaruka, kwenye magofu ya kale kaskazini mwa Tanzania, hutazama ule mteremko wakaona marundo ya mawe, basi. Nilihofia wanafunzi wangu wa darasa la sita nao wataona hivyo hivyo, ndiyo maana nilimwomba mzee mmoja wa Kimaasai anayeongoza wageni pale atupandishe mwenyewe. Tulitoka Mto wa Mbu alfajiri, vumbi tupu njia nzima.

Wakulima walioishi hapa, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kati ya karne ya 15 na ya 18, walijenga vijiji 7 mlimani. Ardhi ya bondeni waliiachia mashamba, yakinyweshwa kwa mifereji kutoka mito inayoshuka nyanda za juu za Ngorongoro.

Mzee alitusimamisha kwenye kiwanja kimoja, yaani sehemu ya mteremko iliyosawazishwa ili kujengwa nyumba. "Mwalimu, waambie wainame."

Tukainama. Upande wa juu mteremko ulikuwa umechimbwa. Upande wa chini ulikingwa kwa ukuta wa mawe matupu, bila tope wala chokaa, unaomfika mtoto kiunoni. Mawe makubwa yalielekezwa nje, na nyuma yake vijiwe vidogo vimeshindiliwa kuziba kila mwanya. Aliyepanga vile aliijua mvua ya mlimani na jinsi inavyosukuma udongo. Nyumba yenyewe, ya miti na nyasi, ilishaoza zamani. Watoto walikaa chini pale, wakaanza kubishana mlango ulikuwa wapi na moto uliwashwa wapi. Sijawahi kuona somo la historia likiwashika namna ile.

Tulipokuwa tunashuka tukamkuta kijana anapakia mawe kwenye toroli.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hayo umeyatoa wapi?"

"Hapo juu, mzee. Najenga msingi. Ni mawe tu, hayana mwenyewe."

"Yanaye. Alikuwa na nyumba, kama hiyo unayotaka wewe."

Kijana hakubisha, akayashusha. Simlaumu sana, maisha ni magumu, na mawe yale yako tayari, hayahitaji kuvunjwa. Lakini mwanafunzi mmoja aliposema tuyarudishe, tukapanda na kulikuta pengo, hakuna aliyejua jiwe lipi lilikaa wapi. Tulitaka kuliziba hivyo hivyo. Mzee akakataa: "Mkiyapanga nyinyi, huo utakuwa ukuta wenu."

Alikuwa na haki. Wanaakiolojia Louis Leakey, alipofika mwaka 1935, na Hamo Sassoon, alipochimba miaka ya 1960, walichokuwa wanakisoma ni mpangilio: ukuta upi ulijengwa juu ya upi, njia ipitayo kati ya kiwanja na kiwanja, jivu lililolala chini ya sakafu. Jiwe likishahamishwa, habari yake imepotea hata kama lenyewe lipo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, kwa hiyo viwanja vile vinalindwa, iwe kuna kibao au hakuna. Kijana yule hakuwahi kuisikia. Nikamfuata mwenyekiti wa kijiji, nikamwomba isomwe kwenye mkutano mkuu, kwa Kimaasai na kwa Kiswahili. Akakubali palepale, akauliza kijana naye atajengea nini. Mzee akasema korongoni kuna mawe ya kutosha yanayoletwa na mafuriko kila masika, na wanafunzi wangu wakaenda naye kupakia toroli la kwanza.